Wimbo si Kioo: Maneno ya Nyimbo na Wasifu wa Nafsi



Desturi ya mhadhara kama huu ni kwamba profesa aieleze taaluma yake tangu chimbuko lake, awataje walimu waliomlea, kisha aonyeshe mahali anapotaraji kuifikisha. Walimu wangu nawashukuru kwa dhati ya moyo, lakini katika habari za chimbuko nitakuwa mfupi, kwa sababu jioni hii ninalo shauri la kuamua na kauli moja ambayo nimeishi nayo tangu nilipokuwa mwanafunzi, na ambayo kila mwaka imenikera kuliko mwaka uliotangulia. Kauli yenyewe ni kwamba wimbo ni kioo cha jamii. Imo katika vitabu vya kiada na katika tasnifu, hufunguliwa nayo matamasha na hufungwa nayo makongamano. Mwanafunzi huiandika katika sentensi ya kwanza ya insha yake, na mtahini huipitisha bila ya kuuliza imetoka wapi wala inathibitishwa na nini. Mimi nasema kwamba kauli hiyo inatufichia kazi iliyo kubwa kuliko zote zinazofanywa na maneno ya nyimbo, nayo ni kazi ya kumpa mtu lugha ya kujijua yeye ni nani, na ya kuyasimulia maisha yake mwenyewe hata yakawa maisha, yasiwe rundo la mambo yaliyotokea.

Sitawarudisha wenzangu kwa Aristotle na nadharia yake ya mwigo, wala kwenye mabishano ya miaka ya 1970, wakati ambapo, baada ya Azimio la Arusha la 1967, wahakiki wetu waliitaka fasihi iwajibike kwa wakulima na wafanyakazi, hayo wanayajua. Insafu inanilazimisha nikiri kwamba walioieneza kauli ya kioo walitenda jema. Waliwakuta watu waliozidhani nyimbo kuwa upuuzi wa kupitishia usiku, wakawaambia kwamba ndani yake mna njaa na dhuluma, mna ndoa na talaka, na kwamba mwenye kutaka kuijua jamii hana budi kuzisikiliza. Jema hilo lilitimia zamani. Kilichobaki ni kauli yenyewe, ikitawala mahali ambapo haina haki ya kutawala.

Tazameni kwanza suala la wakati. Kioo hakiwezi kuonyesha kitu ambacho hakijasimama mbele yake. Uso hutangulia, sura yake ikafuata. Sasa ni nani kati yetu aliyependa kwanza, kisha ndipo akausikia wimbo wa mapenzi? Mtoto wa pwani huzisikia nyimbo za harusi akiwa bado anabebwa mgongoni, huzijua nyimbo za mahaba kabla hajabaleghe, na siku mapenzi yenyewe yatakapomjia atakuta maneno yake yamekwisha kukaa moyoni mwake, yakimngoja. Mwari anayefundwa unyagoni huimbiwa mambo ya unyumba ambayo hajayaonja, na huimbiwa kwa makusudi, ili yatakapomfika ayatambue, asije akadhani kwamba yeye ni wa kwanza kufikwa. Anayekishikilia kioo itampasa atueleze ni kioo gani hicho kinachoonyesha leo uso utakaozaliwa kesho.

Mfano ulio bora zaidi ni ule wa Mwana Kupona binti Msham, ambaye mwaka wa 1858, akiwa katika maradhi, alimtungia bintiye utendi wa nasaha juu ya dini, adabu na maisha ya ndoa. Wahakiki wamekwisha kuandika mengi juu ya utendi huo, na aghalabu huuliza kama unaonyesha kwa haki hali ya wanawake wa mwambao katika karne ya 19. Mimi naona kwamba swali hilo limekosea mlango. Mabinti wa vizazi vilivyofuata, waliousikia utendi huo ukighaniwa nyumbani mwao, hawakuwa wanaonyeshwa jinsi walivyo. Walikuwa wanapewa kipimo. Wapo waliojiona wamekitimiza na wapo waliojiona wamekiasi, na wote, mtiifu na muasi, waliyasimulia maisha yao kwa kuyaelekeza kwenye maneno ya mama mmoja aliyekwisha kuwa kaburini.

Hoja ya pili ni ya fumbo, na hapa ndipo kioo kinapovunjika kabisa. Mtungaji wa taarabu ya zamani aghalabu hakumtaja mtu kwa jina. Alitaja ua, ndege, chombo kilichokosa upepo, akamwachia msikilizaji kazi ya kumtafuta mhusika. Wahakiki wa kioo huliona fumbo hilo kuwa ni kizuizi cha kuondolewa ili uhalisi upatikane, na wakiisha kuliondoa hutuambia kwa ushindi kwamba wimbo ulimhusu fulani na kisa chake kilikuwa hivi na hivi. Lakini kisa cha mtungaji ni kimoja, na walioutwaa wimbo wake ni maelfu. Kelly Askew, katika kitabu chake cha 2002 juu ya muziki na siasa za utamaduni nchini Tanzania, aliitazama kwa makini desturi ya kutunza kama alivyoikuta Tanga, desturi ambayo sisi tuliokulia ndani yake tulikuwa hatuioni kwa kuizoea. Mwanamke huinuka kitini, husogea jukwaani kwa mwendo wa taratibu unaokwenda na mahadhi, noti mkononi, na huchagua ubeti, pengine mshororo mmoja tu, wa kuutolea tuzo. Waliohudhuria wakati huo hawamtazami mwimbaji. Wanayatazama macho ya mtoaji, yanaelekea kwa nani. Kwa kitendo hicho kidogo maneno yaliyotungwa na mtu mwingine, kwa sababu nyingine, juu ya watu wengine, huwa ni kauli yake yeye, na mji mzima huwa shahidi.

Nililishuhudia jambo hili utotoni, kabla sijajua kwamba ipo taaluma itakayolihusu. Shangazi yangu aliachwa na mumewe akiwa bado kijana, na katika harusi moja ya jirani alikuwapo pia yule aliyeolewa mahali pake. Ulipoimbwa ubeti uliomsifu mwenye subira ambaye stahili yake haipotei, shangazi aliondoka na noti yake akaenda kutunza. Na kabla hajarudi kitini, yule mwenzake naye aliinuka, akautunza ubeti uleule. Mshororo ulikuwa mmoja na wanawake walikuwa wawili, kila mmoja akijua kwa yakini kwamba yeye ndiye mwenye subira na wa pili ndiye dhalimu. Kama wimbo ule ulikuwa kioo, nambieni ulikuwa unaonyesha uso wa nani.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nakusanya masimulizi ya maisha ya wazee wetu, nilimwomba shangazi anieleze habari za talaka yake. Hakutaja mwezi wala mwaka, wala maneno aliyoambiwa siku ile. Alinyamaza kidogo, akauimba ule ubeti kwa sauti ya chini, kisha akasema, "Basi, ndivyo ilivyokuwa, mwanangu." Nilipomrudia na maswali yangu ya kitaalamu alinijibu, kwa upole lakini kwa mkato, kwamba amekwisha kunieleza. Na kweli alikuwa amekwisha. Ubeti ule haukuwa pambo la kisa chake. Ulikuwa kisa chenyewe. Tangu usiku wa harusi ile alikuwa amejitangaza mbele ya watu kuwa ni mwenye subira, na mtu aliyejitwalia neno mbele ya hadhara hulazimika kuishi nalo: akawa hagombani, akawa ndiye anayeitwa kusuluhisha ndoa za wengine, na alipokufa walimlilia kwa sifa ileile. Hulka ile hakuzaliwa nayo, maana wanaomkumbuka katika usichana wake husema alikuwa mwepesi wa hasira. Aliipata katika wimbo, akaitunza kwa noti, akaifanya kuwa yake.

Hoja ya tatu inahusu kumbukumbu, nami nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa wenzetu wa saikolojia wameifanyia kazi nzuri. Dan McAdams, katika kitabu chake cha 1993, alitufundisha kwamba utambulisho wa mtu mzima ni hadithi anayoitunga juu yake mwenyewe, ikiunganisha yaliyopita na anayoyatarajia. Na David Rubin na wenzake walikwisha kuonyesha mwaka wa 1986 kwamba mtu aliyevuka umri wa makamo, akiulizwa habari za maisha yake, huleta kwa wingi kumbukumbu za baina ya miaka yake ya 10 na 30. Umri huo ndio ambao watu wengi huzishika nyimbo zao. Hadithi ya nafsi, basi, huanza kutungwa wakati uleule ambao kichwa cha kijana kimejaa beti. Wanasaikolojia wanajua kwamba wimbo huiamsha kumbukumbu. Ambalo sijawaona wakilisema kwa uzito unaostahili ni kwamba wimbo wenye vina na mizani huichagulia kumbukumbu umbo lake, ukaliacha nje lile lisiloingia katika mizani, na hatimaye mtu hukumbuka maisha yake kama yalivyoimbika.

Ushahidi wa hilo tunao tangu kale. Fumo Liyongo, shujaa wa Ozi na Shaka, hatuna kaburi lake tunaloafikiana wala hati iliyoandikwa kwa mkono wake. Tunazo nyimbo zinazonasibishwa naye, na utenzi ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka wa 1913. Katika utenzi huo Liyongo amefungwa gerezani, na chakula kizuri anacholetewa na kijakazi Saada huliwa na askari. Anamwimbia Saada maneno ya kumpelekea mama yake, kwamba afanye mkate wa wishwa na ndani yake atie tupa. Askari wanaudharau mkate, mfungwa anaipata tupa yake. Kisha anawafundisha watu nyimbo za gungu, na usiku wa ngoma, kelele za waimbaji zikiwa zimetanda, anakata minyororo. Nawaomba mlitazame jambo hili kwa utulivu. Wimbo wa kwanza ulileta chombo cha uhuru wake, wimbo wa pili ukasitiri sauti ya chombo hicho, na nyimbo zake ndizo zilizomfikisha kwetu. Wanaomtafuta Liyongo wa kweli nyuma ya nyimbo wamehangaika kwa muda mrefu, na watahangaika sana, kwa sababu mtu huyu ameishi kwetu kwa nyimbo tu.

Nafika sasa kwenye kitabu ambacho, laiti ningeruhusiwa kukifundisha peke yake hadi siku ya kustaafu, nisingeona nimepunjwa. Ni *Wasifu wa Siti binti Saad*, wa Shaaban Robert, uliotoka mwaka wa 1958. Mwandishi huyu, aliyezaliwa Vibambani, Tanga, mwaka wa 1909, alikutana na Siti mwaka wa 1950, mwaka ambao Siti alifariki dunia, akayapokea maisha yake kutoka kinywani mwake. Fikirini uzito wa uchaguzi huo. Adabu ya Kiswahili ilikuwa imezoea sira za Mitume na masahaba, tarehe za masultani, na habari za Pate, Kilwa na Mombasa. Shaaban alichukua kalamu kumwandika mwanamke aliyezaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka wa 1880, kwa wazazi waliotoka katika tabaka la watumwa, aliyeitwa Mtumwa kabla hajaitwa Siti, aliyeuza vyungu kwa miguu, akahamia mjini mwaka wa 1911 pasipo mali, wala nasaba, wala elimu ya shule.

Na jinsi alivyoandika! Shaaban hana haraka. Hufika kwenye tukio, akasimama, akalitolea kanuni ya maisha, na kanuni yenyewe huwa na uzani ambao sikio la mshairi limeupima, ndipo huendelea. Wapo waliomlaumu kwa hilo, wakasema kwamba alizidisha mawaidha na kupunguza habari. Kwamba tulitaka kujua mikataba, malipo na ugomvi wa wapigaji, naye akatupa adili. Nimeisoma lawama hiyo kwa heshima na nimeipima kwa muda mrefu, na ninaona kwamba hawakumfahamu. Aliyaandika maisha ya mwimbaji kwa namna ileile ambayo mwimbaji huyo aliyaishi, yaani kwa kulipitisha kila tukio katika usemi unaokaririka, hata tukio likawa jambo ambalo mtu mwingine anaweza kulichukua akaenda nalo nyumbani. Ni njia aliyoitumia juu ya nafsi yake pia, kwa maana katika *Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini* nathari ya Shaaban hupisha nadhumu panapokuwa na jambo la kuwaachia wanawe, na wasia wake kwao akauweka katika tenzi. Alijua kwamba nathari hueleza, na kwamba mtoto hawezi kubeba maelezo maisha yake yote, lakini ubeti ataubeba.

Imepokewa, na kisa hiki ni mashuhuri kwa kila aliyezisoma habari za Siti, kwamba alipopata jina, wenye kijicho walimtungia maneno ya kumkumbusha kaniki aliyoingia nayo mjini, wakadai kwamba lau asingejaliwa sauti asingekuwa na cha kumpatia riziki. Siti alijibu kwa wimbo. Na jibu lake, kwa muhtasari wangu, lilikuwa kwamba sura nzuri na ukoo mkubwa si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Tazameni alichokifanya. Maadui walikuwa wamemtungia wasifu, wasifu wa muuza vyungu aliyebahatika, na kila tukio katika wasifu huo lilikuwa la kweli. Hakukana hata moja. Alichokifanya ni kuwanyang'anya kipimo, akaweka chake, na tangu siku hiyo matukio yaleyale yakaanza kusimuliwa kuwa ni maisha ya mwanamke aliyeinuliwa na akili yake. Shaaban Robert alipokuja kuandika alikuta kipimo hicho kimekwisha kuwekwa, naye akakitumia tangu ukurasa wa mwanzo hata wa mwisho. Nambieni, enyi wa kioo, kioo kilipata wapi kujibizana na mtu, kikamshinda, na kikamfundisha mwandishi wake namna ya kuandika?

Athari ya nyimbo za Siti haikuishia kwake mwenyewe. Utumwa ulikomeshwa kisheria Unguja mwaka wa 1897, na masuria wakafikiwa na sheria mwaka wa 1909. Kwa hiyo Siti alihamia mjini wakati ambapo mtaa wa Ng'ambo ulikuwa umejaa watu waliohitaji kujisimulia upya, waliokuwa jana mali ya fulani na leo wanatakiwa waseme wao ni nani. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 juu ya mavazi, kandanda, taarabu na siasa za Unguja, aliwakuta wazee ambao nyimbo za Siti zilikuwa bado zi hai vinywani mwao, na ambao kwa nyimbo hizo waliyaeleza mambo ya mahakama, ya wenye mali na ya wenye nguvu. Wimbo mmoja katika hizo ni ule wa Kijiti, juu ya mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam akauawa, muuaji akavuka bara kukimbia sheria, na adhabu ikawaangukia wanawake waliotoa ushahidi. Mwenye kuuimba wimbo huo hakuwa anatoa habari ya zamani tu. Alikuwa anasema: mimi ni katika wale ambao haki iliwapita.

Hapa najua nitapingwa, na mpinzani ninayemwogopa zaidi si yule wa kioo. Ni yule anayesema kwamba watu hawasikilizi maneno. Husikiliza sauti na lahani, na maneno ni kamba ya kuning'inizia sauti. Atanikumbusha kwamba wazee wetu walimpenda Umm Kulthum hadi kutokwa na machozi, na wengi wao hawakuwa wanafahamu alilokuwa akiliimba. Hoja hiyo ni nzito, na mimi mwenyewe nimelia kwa sauti ambayo maneno yake sikuyajua. Lakini tarehe ya taarabu imetufanyia jaribio ambalo hakuna mtaalamu angeweza kulipanga vizuri zaidi. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim Cairo kujifunza muziki. Mwaka wa 1905 kikaundwa chama cha Nadi Ikhwan Safaa. Na kwa miaka hiyo yote, katika jumba na katika chama, taarabu iliimbwa kwa Kiarabu. Ilikuwa na udi, ilikuwa na fidla na kanuni, ilikuwa na sauti nzuri, na wasikilizaji waliburudika. Siti na wenzake walipoitia Kiswahili, ala zilikuwa zilezile na njia za uimbaji zilifanana. Kilichobadilika ni kwamba sasa muuza samaki wa Ng'ambo aliyafahamu maneno. Na kuanzia hapo, wala si kabla ya hapo, ndipo tunapowaona watu wakijisimulia kwa mishororo ya taarabu, na ndipo sahani zilizorekodiwa Bombay mwaka wa 1928 ziliposikika katika nyumba za pwani na kuwapa watu maneno ya kuambiana. Sauti ilikuwapo tangu mwanzo na haikuzitunga nafsi zao. Zilianza kutungika maneno yalipofahamika.

Mpinzani wa pili ananigusa moyoni. Anasema: ikiwa nyimbo humtengeneza mtu, basi humfunga pia, na ni nyimbo ngapi zimewafundisha wanawake kuvumilia kisichovumilika, zikaita dhuluma majaaliwa na woga zikauita heshima? Siwezi kumjibu mtu huyu kwa wepesi. Nimewaza mara nyingi kuhusu shangazi, kama subira ile aliyojivika haikumzuia kudai haki ambazo sheria ilimpa. Yumkini ilimzuia. Lakini jambo hili, badala ya kuipunguza hoja yangu, linaithibitisha, kwa sababu kitu kisicho na nguvu hakiwezi kumfunga mtu, na kioo hakijapata kumfunga yeyote. Isitoshe, tumeona kwa Siti kwamba dawa ya ubeti mbaya si kunyamaza wala si hotuba. Ni ubeti mwingine. Waliobadili maisha yao, katika hao niliowasikiliza, aghalabu walibadili wimbo kwanza.

Kwa sababu hiyohiyo siwezi kuungana na wenzangu wanaoilaani mipasho iliyovuma tangu miaka ya 1990, enzi za ushindani wa akina Khadija Kopa na Nasma Khamis, ingawa sikio langu lilifunzwa na wazee na linaipenda taarabu ya fumbo. Mipasho iliwapa wanawake wengi ujasiri wa kusema wazi waliyoyanong'ona mama zao. Nina shaka moja tu, nayo naishikilia: maneno yanayomtaja adui kwa uwazi mno humfaa mwenye ugomvi huo, siku hiyo, na ugomvi ukiisha hayana pa kwenda, lakini fumbo humkuta mjukuu likiwa bado lina nafasi ya kumpokea. Bi Kidude, aliyefariki mwaka wa 2013, alizichukua nyimbo zilizoimbwa na Siti akaziimba hadi uzeeni mwake kama kwamba zilikuwa shahada ya maisha yake mwenyewe, nazo zilimkubali, kwa kuwa zilitungwa na watu waliojua kumwachia nafasi atakayekuja.

Naona wakati umeniishia, nami nataka nimalize kwa jambo la vitendo. Sisi wa vyuo vikuu tumekusanya nyimbo nyingi, tumezipanga kwa bahari na kwa maudhui, tumehesabu mizani na tumetaja watungaji pale walipojulikana. Hatujauliza ni nani aliyeinuka kuzitunza. Tunakusanya pia masimulizi ya maisha, tukifika kwa mzee na orodha ya maswali ya tarehe na kazi, na akianza kuimba tunazima kinasa sauti tukingoja arudi kwenye habari, kumbe habari ndiyo hiyo anayoiimba. Ninapendekeza kwamba idara yetu ianzishe hazina ya beti na wenyewe, ambamo kila ubeti utawekwa pamoja na wale walioutwaa, mahali walipoutwaa, na maisha waliyoyaishi kwa sababu yake. Na kwamba kila mwanafunzi wetu atakayeandika wasifu wa mtu, awe mkulima au waziri, aanze kwa kumuuliza umri wake ulipokuwa mchanga aliimba nini, na ni neno gani katika hayo alilolifanya kuwa lake.

Nimezipima hoja zote nilizozijua, na mahali ambapo wapinzani walikuwa na haki nimewapa haki yao. Ninabaki na itikadi niliyokuja nayo: mtu asiye na ubeti aliojitwalia anayo matukio, lakini wasifu hana, na taifa linaloyaacha maneno ya nyimbo zake yapotee linawanyang'anya watu wake uwezo wa kusema wao ni akina nani. Kazi ya kuyahifadhi ni yetu, walio hai wanaoyakumbuka wanazidi kuwa wachache kila mwaka, na ninawaomba wote waliomo ukumbini humu tuianze mwaka huu.